Wanajifunza nini katika mwaka wa saba na wa nane?



Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu. Leo nataka kupima kitu kingine: programu ya masomo ya mwaka wa saba na wa nane, pamoja na kaye za watoto wenye kuifuata. Labda mmoja atasema kwamba hiyo ni kazi ya wainspekta wa Leta, si kazi ya watu wa seminari. Namjibu hivi. Tangu mapatano ya 26 Februari 1977 kati ya Leta na makanisa, shule nyingi za inchi yetu zinaongozwa na Kanisa. Watoto wa seminari ndogo wanaanza katika mwaka wa saba. Na wale wanaojitayarisha kwa Kipaimara katika misioni zetu, wengi ni watoto wa umri ule ule, miaka 12 mpaka 14. Namna ya kufikiri waliyoipata asubuhi shuleni ndiyo wanayokuja nayo jioni kanisani. Tena kuna watoto wengi ambao hawataendelea kisha mwaka wa nane. Kile walichopata hapo ndicho watakachokula maisha yao yote.

I. Programu inasema nini

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, miaka miwili ya kwanza ya sekondari ilipewa jina la «cycle d'orientation». Ilikuwa miaka ya kumtazama mtoto vizuri na kumwonyesha njia inayomfaa. Sheria ya 11 Februari 2014 ikaiunga miaka ile miwili na miaka 6 ya primeri, kusudi mtoto wa Kongo apate miaka 8 ya masomo ya msingi. Fikira hiyo ni njema. Inataka mtoto asitoke shuleni na kipande cha elimu mkononi, lakini atoke na kitu kizima, kinachoweza kumsaidia hata kama safari yake ya shule inakoma pale.

Kwa upande wa sayansi, programu mpya zilitoka mwaka 2018. Zinakusanya masomo katika makundi. Kundi la hesabu lina arismetika, aljebra, jiometri na statistiki. Kundi la viumbe na dunia lina botanika, zoolojia na anatomia. Kundi la tatu lina fizika, teknolojia na kazi ya ordinateri. Kando yao kuna lugha, maana yake hasa Kifaransa na Kiingereza. Kuna historia, jeografia, uraia na dini. Tena kuna sanaa na mazoezi ya mwili.

Lakini sifa kubwa ya programu hizi za sayansi haiko katika orodha ya masomo. Iko katika namna ya kuanza. Kila somo linapashwa kuanza na «situation», maana yake jambo moja la maisha: mtu anapima shamba lake, mama anauza mafuta sokoni, maji ya kisima yanachafuka. Watoto wanatafuta, wanapima, wanahesabu, na kanuni inakuja nyuma. Namsifu aliyepanga hivyo. Bwana wetu mwenyewe alifundisha vile: alianza na mbegu, na chachu, na wavu uliotupwa baharini, kisha akafika kwenye Ufalme wa Mungu. Hakuanza na maelezo ya neno «Ufalme» ili watu wayaandike.

Basi, kwenye karatasi programu ni nzuri. Sasa tufungue kaye.

II. Kilo 40 za ndakala

Siku moja nilikaa kando ya ziwa Tanganika, katika misioni ambayo sitaitaja jina, pamoja na mama mwenye kuuza ndakala na mtoto wake wa mwaka wa nane. Mtoto alileta kaye zake, saba kwa hesabu, zimefunikwa vizuri kwa karatasi. Nilizisoma zote. Mwandiko ni safi, na vichwa vya masomo vimepigwa mstari mwekundu. Katika arismetika niliona «pourcentage»: maelezo ya mistari mitatu, mfano mmoja, mazoezi mawili, alama 8 kwa 10. Katika fizika niliona «densité»: maelezo, tena kanuni ndani ya sanduku. Katika zoolojia niliona picha ya samaki iliyonakiliwa toka ubaoni, samaki ambaye hakuna mvuvi wa pwani ile angemtambua. Katika jeografia niliona orodha ya maziwa ya Afrika. Ziwa Tanganika lilipata mstari mmoja, na ziwa lenyewe lilikuwa mita 20 mbele yetu.

Wakati ule mnunuzi akaja kupokea mfuko wa ndakala. Mfuko ulikuwa na kilo 40. Mnunuzi akasema samaki hawajakauka vizuri, na desturi ni kukata 15 kwa 100 juu ya maji yaliyobaki ndani yao. Kisha akaandika kilo 31. Mama akamtazama mtoto wake. Mtoto akatazama chini.

Nikamwuliza kwa Kiswahili: «Katika kila kilo mia wanaondoa kumi na tano. Katika makumi ine wataondoa ngapi?»

Akafumba macho kidogo, akajibu: «Sita, Padri.»

«Inabaki ngapi?»

«Makumi tatu na ine.»

Mnunuzi akafuta 31, akaandika 34, asiseme neno. Nikafungua kaye ya arismetika, nikamwonyesha mtoto ule ukurasa wa alama 8 kwa 10. Akausoma polepole, akashangaa. Hakujua kwamba «pourcentage» ya kaye na «kukata» kwa mnunuzi ni jambo moja.

Ndugu, mtoto yule si mjinga, wala mwalimu wake si mvivu. Klasi yake imejaa, na kitabu ni kimoja tu, kile cha mwalimu. Elimu ilikuwamo ndani ya mtoto, lakini ilikaa katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yao. Inapashwa tujiulize ni nani aliyejenga ukuta ule.

III. Makosa matatu

Kosa la kwanza: jambo la maisha linabaki kwenye karatasi. Mfano ulioandikwa ndani ya programu uliandikwa mara moja kwa inchi nzima, kwa watoto wa mjini na wa porini, wa machimbo na wa ziwa. Programu inautoa kama mfano tu, kusudi mwalimu atafute wake. Lakini mwalimu mwenye haraka anaunakili mfano wenyewe ubaoni, na watoto wanaunakili katika kaye. Nimeona kaye ambamo neno «Situation» limepigwa mstari, chini yake mistari mitatu, kisha hakuna mtu aliyepima wala kuhesabu kitu. Ni sawa na kumsomea mgonjwa karatasi ya dawa bila kumpa dawa. Programu ilitaka kuondoa kunakili, na yenyewe ikawa kitu cha kunakiliwa.

Kosa la pili: programu inaunganisha, buletini inatenganisha. Programu inasema hesabu ni kundi moja. Fungua buletini: aljebra na alama zake, arismetika na alama zake, jiometri na zake, statistiki na zake, botanika fasi yake, zoolojia fasi yake. Mzazi anasoma buletini, hasomi programu. Mwalimu naye anahukumiwa kwa buletini. Mahali alama zinapogawanywa, na kazi inagawanywa pia. Hakuna mstari wa alama kwa mtoto aliyetumia arismetika kusudi afahamu jeografia, wala kwa yule aliyeeleza zoolojia kwa Kifaransa chake mwenyewe.

Tena kuna kivuli kinachoshuka toka juu. Tangu mwaka 1967 sekondari inamalizwa kwa Examen d'État, ambapo mtoto anachagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha kupangwa. Simlaumu mwenye kupima hivyo maelfu na maelfu ya watoto. Ni njia ya kusahihisha kwa haki, pasipo kumpendelea mtu. Lakini namna ya kupima isiwe namna ya kufundisha. Mtoto wa miaka 13 akizoezwa kutambua jibu, na si kulitafuta, siku atakapokutana na mnunuzi hataona majibu matano yamepangwa mbele yake.

Kosa la tatu, na kwangu ni kubwa kuliko yote: daraja la lugha limekatwa katikati ya mto. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya Leta, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya 2014 inakubali kwamba mtoto aanze primeri kwa lugha anayoifahamu. Lakini anapofika mwaka wa saba, kila kitu ni kwa Kifaransa, na mara nyingi Kiswahili kinakatazwa hata uani mwa shule. Sisemi Kifaransa kiondoke. Ni mlango wa vitabu vingi, na vya Kanisa pia, na mtoto wa maskini anakihitaji kuliko mtoto wa tajiri. Nasema hivi tu: mtoto anayesikia neno kabla ya kuona kitu anashika neno na kuacha kitu. Anaandika «densité» pasipo kosa la herufi, na hajui kwamba ndiyo sababu mafuta ya ngazi yanaelea juu ya maji katika chungu cha mama yake.

Kuhusu jambo hili siye watu wa seminari tuna mfano wetu. Stefano Kaoze, aliyezaliwa katika inchi ya Marungu na kupewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongo wote wa siku hizo, alisoma Kilatini na Kifaransa katika seminari kando ya ziwa hilihili. Angali mwanaseminari, aliandika kwa Kifaransa juu ya namna watu wake wanavyofikiri, na maandiko yale yakachapwa mwaka 1911. Tazameni: lugha ya shule haikumfungia nje ya nyumba ya baba yake. Aliitumia kuwa taa ya kuingia nayo ndani. Basi Kifaransa si adui. Adui ni ukuta kati ya vyumba viwili.

IV. Ziwa moja kwa masomo yote

Si vema kubomoa na kwenda zetu. Natoa mfano wa namna ambayo programu hiyohiyo, bila kugeuza hata mstari mmoja, ingeweza kufundishwa kwa watoto wa pwani yetu. Nachukua ziwa Tanganika.

Jeografia. Urefu wake ni karibu kilometa 670, kina chake karibu mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu linaloshinda kina hicho. Inchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Maji yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie, yanakwenda Lualaba.

Arismetika. Ukubwa wa ziwa ni karibu kilometa za mraba 32,900, na sehemu ya Kongo ni karibu 45 kwa 100. Mtoto atafute mwenyewe: atapata 14,805. Hapo «pourcentage» imeshika inchi yake.

Historia. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga. Mwaka 1876 Stanley aliuona umezibwa na mchanga na matete. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Mapadri Weupe waliopokea Mpala mwaka 1885 waliishi katika wakati ule wa maji kushuka. Na siku zetu, tangu mwaka 2020, maji yamepanda tena, yakaingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie. Watoto wenyewe walibeba vyombo vichwani. Waulizwe sasa: juu ya nini ziwa linapanda na kushuka? Hapo historia na jeografia zitakuwa neno moja.

Statistiki. Fimbo yenye alama isimikwe majini. Kila juma mtoto mmoja aandike maji yamefika wapi. Mwisho wa mwaka klasi itakuwa na hesabu ambayo haikutoka katika kitabu chochote.

Fizika na zoolojia. Maji yenye joto ni mepesi, yanakaa juu. Maji ya baridi ni mazito, yanakaa chini. Ndiyo «densité». Chini ya mita 200 hivi karibu hakuna oksijeni, na samaki hawawezi kuishi huko. Lakini chakula kinachozama kinajikusanya hukohuko. Wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, pepo za kusini zinasukuma maji na kuyachanganya, na sehemu ya chakula kile inapanda juu. Mimea midogo isiyoonekana inaongezeka, wadudu wadogo wa majini wanaila, ndakala wanawala wadudu, mikeke wanawala ndakala. Hewa ya dunia ikizidi kupata joto, maji ya juu yanazidi kuwa mepesi, na kuchanganyika kunapungua. Mtoto aliyefahamu hayo amefahamu sababu mojawapo ya wavu wa baba yake kurudi mwepesi. Kanuni iliyofungwa ndani ya sanduku katika kaye imepata mwili.

Anatomia. Kolera inarudi mara kwa mara Uvira na Kalemie. Mtoto aeleze kidudu kinaingia wapi, kinafanya nini tumboni, sababu gani mgonjwa anapungukiwa maji mpaka kufa, na juu ya nini tunachemsha maji. Aeleze kwanza kwa Kiswahili, nyumbani, mbele ya nyanya yake. Huo ni mtihani mgumu kuliko ule wa ubaoni.

Uraia na dini. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, kusudi samaki wazae. Ni haki? Mvuvi maskini atakula nini miezi ile? Na asipopumzika, mtoto wake atavua nini? Papa Fransisko alituandikia mwaka 2015, katika barua Laudato si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba yetu sote. Watoto waisikie barua ile wakilitazama ziwa.

Kifaransa kije mwisho, na kije kwa nguvu. Kila mtoto aandike ukurasa mmoja kwa Kifaransa juu ya yale aliyopima na kuona. Ataomba maneno, kwa sababu ana kitu cha kusema. Neno linaloombwa halisahauliki.

Wenye kukaa mbali na ziwa watatafuta jambo lao: shamba la mihogo, machimbo, soko, korongo linalokula kilima.

V. Majibu na mapashwa yetu

Mwalimu atanijibu: «Padri, programu ni ndefu, klasi imejaa, mshahara hautoshi, na wewe unaniongezea fimbo ya kupima maji.» Anasema kweli. Tangu primeri ya Leta ilipofanywa bila malipo mwezi wa Septemba 2019, watoto wengi waliingia, na hiyo ni baraka; lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kiasi kile, na mzigo unapanda klasi kwa klasi. Siombi kugeuza masomo yote. Naomba saa moja kwa juma, walimu wawili ao watatu wakipatana juu ya jambo moja.

Mwingine atasema kutumia Kiswahili katika mwaka wa nane ni kurudi nyuma. Namwonyesha kilo 34.

Sasa tujitazame wenyewe. Tusiicheke shule, maana kunakili na kukariri tuliwafundisha siye. Kwa miaka mingi katekisimu yetu ilikuwa swali na jibu. Mtoto alitaja sakramenti saba kwa utaratibu, tukampa alama, lakini hakuna aliyemwuliza aeleze kwa maneno yake kilichotokea siku mdogo wake alipobatizwa. Walimu wa dini, jambo moja: kisha kila jibu lililokaririwa, mwulizeni mtoto, «Nyumbani kwenu jambo hili linaonekana wapi?» Akinyamaza, kazi yenu haijakwisha.

Mapadri wenye kutembelea shule, msimwulize prefe tu ni wangapi waliofaulu. Fungueni kaye moja, mwombeni mtoto mmoja awaeleze ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Katika dakika tano mtajua kuliko buletini inavyosema.

Mafrateri, ninyi mtafundisha kesho. Kila neno gumu la filosofia mnalolipokea kwa Kifaransa ao Kilatini, lijaribuni usiku uleule kwa lugha ya mama zenu. Likikataa kabisa, yawezekana bado hamjalifahamu.

Na wazazi. Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake la 28 Oktoba 1965 juu ya malezi, ulifundisha kwamba wao ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Basi mama mwenye ndakala aitwe klasini siku moja, aeleze ginsi ya kukausha samaki na ginsi anavyojua kwa kidole kama maji yamebaki ndani. Watoto wataona mwalimu anamsikiliza mama yao, na hilo peke yake ni somo.

Hukumu yangu juu ya programu ni hii: imeandikwa vizuri, lakini haina watu wa kuivusha toka kwenye karatasi. Leta imefanya sehemu yake kwa kuandika. Sehemu iliyobaki iko mikononi mwa wale wanaosimama mbele ya watoto, na katika shule nyingi watu hao ni siye. Wenye kufundisha watuandikie mambo waliyojaribu, yaliyofaulu na yaliyoshindikana, kusudi wengine wayasome. Mtoto yule wa ziwa anamaliza mwaka wa nane hivi karibuni, na mama yake bado anauza samaki.